Mluzi wa Kunyweshea

Butiama, 9 Machi 2025

Clementi,

Mimi sijambo. Mguu unauma, mdomo haujambo, kwa hiyo nisikilize.

Nilikuja hapo Musoma Jumatano kukuona, nikarudishwa getini. Wanasema tangu kipindupindu kiingie mjini wageni hawapokelewi gerezani, barua tu, na barua yenyewe inasomwa kwanza. Kile kikapu cha ndizi nilikiacha kwa askari mmoja mpole. Kama hukula ndizi, basi yeye amekula, na Mungu anamjua.

Bwana Prosper wa ofisi ya wanyamapori amekuja. Safari hii hakuja kuuliza maswali ya mzunguko. Amesema hatuwezi kuendelea kupokea wanyama wa watu kienyeji hivi, huku wewe mwanzilishi uko ndani kwa kukutwa porini na gunia la mitego ya waya. Nikamwambia ulikuwa unaitegua, hukuwa unaitega. Akasema, mama, hayo aliyasema mahakamani, na kweli alivuka mpaka wa hifadhi bila kibali.

Lakini ametupa njia. Kwanza, anataka historia ya kituo kwa maandishi: kilianzaje, nani alileta nini, waliopona, waliokufa. Pili, yule pofu wa Faustine, yule swala mkubwa kama ng'ombe, arudishwe porini, upande wa Bunda. Akikaa mwezi mmoja bila kuwafuata watu, ofisi itaamini kwamba tunajua kazi, na kibali kitatoka. Akirudi kwa watu, kituo kinafungwa, na wanyama waliobaki wanachukuliwa.

Mimi kuandika historia siwezi. Nilikuwa jikoni wakati wewe unazunguka na hao wanyama. Andika wewe, na uandike ukweli wote. Miaka kumi na tano ya maisha yetu iko kwenye hiyo karatasi.

Dada yako,
Marcelina


Gerezani, Musoma, 21 Machi 2025

Dada Marcelina, shikamoo.

Ndizi nilikula tatu. Nashukuru.

Historia ni hii. Itoe nakala safi, mwandiko wangu unaujua.

Andika kwamba nilikuwa mtegaji. Usinionee haya. Mwaka 2010, Ijumaa Kuu, nilikuta paa mdogo kwenye mtego wangu, mguu umevunjika, mzima. Kwa kuwa siku hiyo hatuli nyama, nikambeba hivyo hivyo hai nyumbani nimchinje Pasaka. Kufika Jumapili ulikuwa umeshamfunga mguu kwa kitambaa cha kitenge chako na anakunywa uji kwenye kibuyu. Nikatoa kisu, ukanitazama. Kituo kilianzia hapo, kwenye hilo jicho lako.

Baada ya miezi minane tulimrudisha paa porini. Kesho yake asubuhi aliingia uani kwa jirani, akamfuata mke wa jirani aliyekuwa ameshika kibuyu. Alijua kibuyu ni uji. Walimpika. Hawakujua ni wa kwetu, hata mchana walitualika tukale. Siku ya tatu ukaweka sheria, na naomba uiandike kwa herufi kubwa maana ndiyo kituo chenyewe: MNYAMA HAPEWI JINA, HASHIKWI, HASIKIZWI SAUTI YA MTU. Anaitwa kwa aliyemleta, anayemlisha anajifunika gunia, na siku ya kurudi porini aliyemleta ndiye anayemfungulia.

Watu wakaanza kuleta. Watoto wa shule na korongo wenye mabawa yaliyovunjika. Wavuvi wa Murangi na fisi maji walionaswa kwenye nyavu. Mwaka 2014 mkutano wa kijiji ukatupa zizi la chini. Mwaka 2022 waya wa uzio ulikuwa umeoza, tukauza ng'ombe wetu wote saba tukanunua waya mwingine. Tangu siku hiyo sisi ni Wazanaki tusio na ng'ombe, watu walikuwaga wanatucheka njiani. Hilo nalo liandike.

Waliokuja sitini na mmoja. Waliorudi porini thelathini na watatu. Waliokufa ishirini na wanne, waandike na wao. Waliobaki unawalisha wewe.

Machi 2023 Faustine alileta ndama wa pofu, amemfunga kwenye pikipiki kwa kanga ya mkewe. Mama wa ndama alikufa kwenye mtego wa waya. Alikuwa na siku chache tu duniani, alikataa chupa siku tatu, ya nne akanywa. Sasa ni mkubwa kuliko ng'ombe dume. Novemba mwaka jana nilikamatwa. Mengine unayajua.

Mdogo wako,
Clementi


Butiama, 6 Aprili 2025

Clementi,

Historia imefika, imekaa kwa wakaguzi siku kumi na mbili. Nimeinakili usiku na mchana, na pale kwenye paa nilisimama nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Umeandika vizuri. Ulikuwa mjinga wa hesabu tu shuleni, siyo wa mambo mengine.

Bwana Prosper ameisoma yote pale pale chini ya kibaraza. Amesema hajawahi kuona kituo kinachoandika waliokufa. Siku ya pofu imepangwa: Alhamisi, tarehe 24 Aprili, baada ya Pasaka. Lori linatoka ofisini kwao. Faustine atafungua mlango, kama kawaida yetu.

Sasa nakuuliza jambo, na nakuuliza mara moja. Kuna chochote kuhusu pofu huyo ambacho sikijui? Wewe ndiye uliyemlisha tangu chupa ya kwanza. Mimi nimemlisha miezi mitano tu, na gunia kichwani. Mficha maradhi unajua mwisho wake. Kama kuna kitu, niambie sasa, lori halijaja.

Korongo wawili hawajambo. Mondo wa Dorah, yule paka wa porini, anakula.

Dada yako,
Marcelina


Gerezani, Musoma, 14 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Hakuna kitu.

Nilikuwa nafikiri tu, kama lori lingesubiri mvua za masika ziishe ingekuwa vizuri zaidi. Njia ya kule Bunda inakuwaga na tope baya Aprili. Lakini kama bwana Prosper ameshapanga, yeye ndiye mtaalamu.

Hapa tunalima mahindi. Mgongo unauma kidogo. Ukimwona Faustine mwambie ahakikishe wanamshusha mbali na makazi, mbali sana, hata kama lori litakwama. Mwambie ni mimi nimesema.

Pasaka njema.

Clementi


Gerezani, Musoma, Jumatano, 23 Aprili 2025

Dada Marcelina,

Simamisha lori.

Nilikudanganya. Naandika haraka, nisamehe mwandiko. Ile siku ya nne, ndama alipokataa chupa, alikuwa anakufa. Shingo imeshalala. Nilikuwa nimejifunika gunia, niko kimya, nafuata sheria yako, na namwona anakwenda. Nikapiga mluzi. Ule wa kunyweshea ng'ombe, mrefu, wa chini, unaopanda mwishoni. Sikufikiri. Ni mluzi ambao baba alitufundisha kabla hata ya kusoma, ndama akikataa maji mtu unapiga hivyo. Akainua kichwa, akanywa chupa nzima.

Nikasema ni mara moja tu. Kesho yake nikapiga tena. Dada, nilipiga kila asubuhi miezi ishirini. Alikuwa akiusikia anatoka kule mwisho wa zizi anakuja mbio, anasimama mbele yangu na pumzi inatoka puani. Nilikuwa sina ng'ombe tena. Nilikuwa na furaha hiyo moja, nikakuficha, maana ulikuwa jikoni husikii, na mimi nakuogopa mpaka leo na mvi zangu.

Uliponiuliza nikajiambia ameshasahau, miezi mitano hajausikia. Leo tulikuwa shambani. Kwenye barabara akapita mchungaji anapeleka ng'ombe mtoni, akapiga mluzi ule ule. Jembe liliniponyoka. Kule Bunda mnakompeleka, kila mchungaji anaupiga, kila siku, kwenye kila lambo. Mtu yeyote mwenye ng'ombe anaweza kumwita, na atakuja, kama paa alivyofuata kibuyu.

Nimemwomba afande barua iende leo. Anasema ukaguzi ni Jumatatu. Nimeomba apige simu, anasema simu ina utaratibu wake na anayetoa ruhusa amesafiri. Si mtu mbaya, amenipa karatasi hii. Kesho ni Alhamisi. Nimekaa hapa najua saa lori litakapotoka na hakuna ninaloweza kufanya.

Nisamehe.
Clementi


Butiama, 25 Aprili 2025

Clementi,

Nimecheka jana mpaka Faustine akaniuliza kama naumwa.

Tuliondoka alfajiri, mimi nimekaa mbele na dereva kama mke wa mheshimiwa. Tope lako la Bunda lilikuwepo lakini si la kutisha. Nikawaambia maneno yako, wasimshushe karibu, wakaenda mbali mpaka dereva akaanza kunung'unika. Faustine akafungua. Pofu akasimama mlangoni kidogo, masikio yanazunguka, akashuka taratibu kama bibi harusi. Kisha akaanza kutembea. Sisi wote kimya, magunia kichwani, hata bwana Prosper na kofia yake ya serikali tulimvika gunia. Hakugeuka hata mara moja. Nilimwangalia mpaka akawa doa kwenye majani.

Nililia, nisikufiche. Nilimkumbuka yule paa. Nikasema, angalau huyu.

Bwana Prosper amesema kama siku thelathini zitapita salama, tarehe 24 Mei ataleta fomu mwenyewe. Nimepanga kumchinjia jogoo. Ungekuwepo ungeona, Clementi. Umefanya kazi nzuri na huyo mnyama, na sikukusifia hata siku moja, ndiyo tabia yangu. Sasa nakusifia.

Dada yako,
Marcelina


Gerezani, Musoma, 8 Mei 2025

Dada,

Nimepata barua yako ya tarehe 25, ile ya kunisifia. Nimeisoma mpaka hapo pa sifa nikashindwa kumaliza.

Yangu ya tarehe 23 uliipata? Jibu ndiyo au hapana tu, hata neno moja. Nauliza kila anayeingia kutoka upande wa Bunda kama amesikia habari ya pofu. Mmoja aliniambia amesikia kuna mnyama anakunywa na ng'ombe wa watu. Sikulala.

Clementi


Bunda, 12 Mei 2025

Kwa wahusika wa kituo cha wanyama, Butiama.

Mimi naitwa Makoye, mfugaji, niko huku kijijini pembeni mwa pori. Salamu kwenu. Barua hii nimempa kondakta wa basi, pamoja na hiki kitu cha njano kilichokuwa sikioni mwa mnyama wenu. Namba ya simu iliyoandikwa juu yake nilipiga mara nyingi, haipatikani, ndiyo maana naandika.

Mnyama wenu alikuja kwangu. Ilikuwa kama siku ya sita tangu nisikie mmemleta. Nilikuwa lamboni nanywesha, nikapiga mluzi kama tunavyofanyaga, akatokea vichakani akaja moja kwa moja, akasimama katikati ya ng'ombe wangu akanywa. Niliogopa. Nikamtupia mawe, akaenda. Kesho nikapiga mluzi, akarudi. Nikamtupia tena mawe makubwa, moja lilimpiga ubavuni, na nasikitika kusema hivyo, nilikuwa nataka aogope watu. Akaenda, lakini alikuwa anageuka kunitazama.

Nikaacha kupiga mluzi siku tatu. Ng'ombe wangu hawakunywa vizuri. Nikawaambia na wenzangu waache, wengine wakakubali, wengine wakasema hawawezi kuchunga kimya kama wezi. Mimi siwezi kuwalazimisha watu.

Jumamosi akaenda lambo la pili. Kule kulikuwa na vijana wengi. Mchungaji akapiga mluzi, mnyama akaja. Waliniambia hakukimbia, hata walipomkaribia na mikuki alisimama tu. Walifikiri ni baraka wameletewa. Nilipofika ilikuwa imebaki ngozi na hiki cha sikio. Mimi niliitiwa nyama, nikakataa. Watoto wangu walikula, sikuwazuia, wana miezi hawajaona kitoweo.

Naomba kuuliza, siyo kwa ubaya. Nani alimfundisha hivyo? Sisi wafugaji tumekaa tunajiuliza, maana sasa tunajiona kama tulimwita ili auawe, na hatukumwita.

Ni mimi,
Makoye


Butiama, 2 Juni 2025

Clementi,

Unauliza kama niliipata. Niliipata tarehe 3 Mei, siku ya tisa tangu lori. Nilikuwa nachagua mchele. Niliisoma nimesimama, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikampigia Faustine.

Tulizunguka kule Bunda siku nne. Tulikuwa mbali na huyo Makoye, hatukujua. Faustine alipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka, hakuna. Siku ya nne nikasema acha nipige mimi. Unajua mwanamke kwetu hapigi mluzi, na unajua meno yangu ya mbele hayapo. Nilipiga hivyo hivyo mbele ya wanaume na wachungaji wao. Ulitoka upepo tu. Halafu ukatoka kidogo. Wakaja ng'ombe wanne wa watu, wakanizunguka, wananitazama. Vijana wakacheka. Pofu hakuja. Simu yangu niliidondosha mtoni siku hiyo, ndiyo maana Makoye hakunipata.

Barua ya Makoye naiambatanisha. Soma mwenyewe, mimi siwezi kuirudia kwa mkono wangu.

Bwana Prosper alikuja tarehe 24 kama alivyoahidi. Hakuleta fomu. Hakugomba. Nilimpa uji akanywa wote, akaweka kikombe chini, akanisomea karatasi. Kituo kimefungwa. Korongo wawili na mondo wa Dorah wamepakiwa kwenye lori lile lile. Jogoo niliyempangia bado anatembea uani. Nilimwomba anirudishie historia yetu, akasema imeshaingia kwenye faili, haitoki. Akaniuliza nani aliyemzoesha pofu mluzi. Nikasema ni mimi niliyekuwa naye miezi mitano ya mwisho, waandike jina langu. Wewe una kesi ya kutosha.

Juzi alikuja mama mmoja, Robi, kutoka Murangi. Amepanda magari mawili na beseni kichwani, limefunikwa kanga. Ndani kuna mtoto wa fisi maji, anapumua kwa shida, wavu umemkata shingo. Nikamwambia kituo kimefungwa na sheria hainiruhusu kumgusa. Akaniuliza, basi nimpeleke wapi? Nikamtajia ofisi. Akasema ametoka huko, wamemwambia gari la kumchukua halipo mpaka wiki ijayo. Akakaa pale kibarazani na beseni lake mapajani, na mimi nikakaa naye. Jua lilipopungua akafunika beseni, akaniaga akaondoka, na sikumuuliza kama bado anapumua.

Sasa hilo ulilonililia, kwamba ulinificha na mimi nilikuwa jikoni sisikii. Clementi, kutoka jikoni mpaka zizi la chini ni hatua arobaini. Nilikuwa nausikia kila asubuhi. Siku ya kwanza niliweka mwiko chini nije nikugombeze. Nikafika dirishani nikamwona ndama ameinua kichwa, na nikakuona wewe, gunia limeanguka, unacheka. Nilikuwa sijakuona unacheka tangu siku tulipouza ng'ombe. Nikarudi kukoroga uji. Nikajiambia, anawaita ng'ombe wake. Nilijiambia hivyo miezi ishirini, na zizini hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nilipokuuliza ile Aprili, nilikuwa nalijua jibu. Nilikuuliza ili useme hakuna, nipate kupandisha mnyama kwenye lori na moyo mweupe. Ukasema hakuna. Nikashukuru.

Geti halijafunguliwa kwa wageni bado. Wakifungua nitakuja na ndizi.

Dada yako,
Marcelina